Kitabu cha Bibi Bwana: kisomeni, ila chapa hii iacheni dukani

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Kitabu chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano. Chapa niliyouziwa naipa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu maandishi yanasomeka.

Kitabu kinaitwa Sultan to Sultan, kilitoka mwaka 1892, na mwandishi wake ni May French Sheldon. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Pennsylvania mwaka 1847, aliyeolewa na Mmarekani mwenzake, Eli Lemon Sheldon, wakaishi London enzi za Malkia Victoria. Alikuwa mtu wa vitabu kabla hata hajawaza kuja huku: alishatafsiri riwaya ya Mfaransa Flaubert, Salammbô, kutoka Kifaransa, na akaandika riwaya yake mwenyewe. Mwaka 1891, akiwa ameshapita miaka arobaini, alimuaga mumewe akapanda meli. Akatoka Mombasa na msafara wake, akapita Taveta, akateremka Ziwa Chala, akazunguka upande wa Rombo, akafika mpaka kwetu Marangu, kisha akarudi pwani kwa njia ya Pangani. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Kitabuni ameandika Bébé Bwana, na jina hilo alilipenda hata akaliweka pamoja na lake mwanzoni mwa kitabu.

Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu. Nilianza kama mgumu, ndivyo wapagazi wa mlimani tunavyoitana, nikabeba stoo na mabegi ya wageni kutoka lango hadi kambi za Mandara, Horombo na Kibo, baadaye nikasomea uongozaji. Kwa hiyo nimekisoma kitabu hiki kwa macho ya mtu aliyebeba na pia kwa macho ya mwanamke anayeongoza wanaume. Mwenye historia yake ya chuo kikuu atakisoma vingine, na ni haki yake.

Kwanza bidhaa. Nilikiagiza kwa muuza vitabu mmoja wa Arusha, shilingi elfu themanini na tano, na nilikisubiri mpaka nikaanza kudhani hela yangu imeliwa. Kilipofika, jalada lilikuwa na picha ya mgunga na jua linazama, picha ambayo inaweza kuwekwa kwenye kitabu chochote kinachotaja Afrika. Mwandishi mwenyewe hayupo jaladani. Mlima haupo. Nyuma hakuna jina la mhariri wala neno la utangulizi la kumweleza msomaji huyu mama alikuwa nani. Ni zile chapa ambazo mtu anachukua kitabu cha zamani kisicho na mwenyewe kisheria, anakipitisha kwenye mashine ya kusoma herufi, anakichapa kimoja kimoja kadiri wateja wanavyoagiza, basi.

Mashine hiyo haijui Taveta. Ukurasa mmoja Taveta ni Taveta, unaofuata ni Tayeta, mbele kidogo imekuwa Tavela. Kwa majina ya kwetu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Sheldon mwenyewe aliandika kwa kusikia: Marangu kwake ni Marungu, Mangi Mareale, yaani mtawala wetu wa Kichaga wa wakati huo, ni Miriali au Mireali. Ongeza makosa ya mashine juu ya sikio la mgeni, na msomaji ambaye si mtu wa hapa hawezi tena kujua anasoma habari za kijiji gani. Mimi nilikaa na penseli nikisahihisha pembeni.

Kosa kubwa kuliko yote ni picha. Chapa ya kwanza ya 1892 ilijaa picha: nyingine alipiga mwenyewe, nyingine zimechorwa, za watu, silaha, mapambo, vifaa vya msafara. Katika chapa hii maelezo ya chini ya picha yamebaki, picha hazipo. Unafika katikati ya sentensi kuhusu mkufu wa Kichaga, unakuta mstari mmoja umesimama peke yake unakuambia tazama hiki, na hakuna cha kutazama. Ramani nayo haipo. Kitabu cha safari kisicho na ramani kinamwonea msomaji. Na gundi ya mgongo ilianza kuachia kabla sijafika nusu, kurasa za Zanzibar zikatoka zote kwa pamoja mkononi mwangu. Nimezishona kwa uzi wa viatu vya mlimani.

Sasa kitabu chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nikeshe na taa.

Maandalizi yake ameyaeleza vizuri sana, na kwa mtu wa kazi hii ndipo raha ilipo. Mama huyu hakuja kwa kubahatisha. Alikuwa rafiki wa Henry Morton Stanley, yule msafiri maarufu wa Afrika, na rafiki wa Henry Wellcome mwenye kampuni ya dawa, ambaye alimtayarishia sanduku la dawa la msafara. Alitengenezesha machela ya henzerani London, yenye pazia na mito, na humo ndimo alimolala usiku badala ya kitanda cha hemani. Alibeba bunduki na bastola, vitambaa vya pamba vya merikani, shanga na nyaya, maana ndizo zilizokuwa fedha za barabara hiyo, za kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita kwa mwenye nchi. Alichonga pete nyingi zenye jina lake za kugawa njiani. Na ndani ya sanduku moja aliweka gauni jeupe la hariri la kifalme lenye vito, wigi ya nywele za rangi ya dhahabu na upanga, vazi la kuonana na watawala, ambao yeye anawaita masultani wote, awe mangi wa Uchagani au mzee wa kijiji.

Watu wengi wanaposikia habari za hilo gauni hucheka. Mimi sicheki. Mwanamke anayekwenda mbele ya mtawala mwenye majeshi, hana serikali nyuma yake wala mume ubavuni, anatafuta namna ya kuonekana ni mkubwa. Nami nimewahi kufika langoni na kundi langu, mgeni mwanaume akanipita akaenda kumsalimia mpishi wangu akidhani ndiye kiongozi. Siku hizi huvaa koti rangi tofauti na watu wangu wote. Kwa hiyo gauni la Sheldon nimelielewa kabisa.

Mombasa hakupata wapagazi. Wakubwa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeshika mji, hawakupendezwa na mwanamke kuingia bara peke yake, na hawakumsaidia. Hakurudi Uingereza. Alivuka kwenda Zanzibar, akaonana na Sultani Ali bin Said, akapewa barua ya kumlinda njiani, na huko ndiko alikopata watu wake, zaidi ya mia moja, wakiwemo wanawake. Hapo ndipo kitabu kilipoanza kunishika, kwa sababu Zanzibar mwaka 1891 ilikuwa na watu ambao kazi yao ya maisha ilikuwa barabara. Kulikuwa na kirangozi wa kutangulia, mnyapara wa kusimamia watu, askari, mpishi, na wapagazi waliozoea mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo kama thelathini, kichwani au begani, mwezi baada ya mwezi. Hawa walishawapeleka wageni wengine mpaka maziwa makuu na kuwarudisha. Njia waliijua wao. Maji walijua wao yako wapi, na jinsi ya kuomba ruhusa ya kupita kwa mwenye nchi.

Sisi leo mzigo wetu una mwisho, kilo 20, na langoni unapimwa kwenye mizani kabla hujaondoka. Kuna wanaozunguka sheria, nisidanganye, lakini sheria ipo na mpagazi anaweza kuidai. Nikasoma hesabu za masanduku ya Sheldon, bati, kreti, mahema, mabunda ya nguo, nikawa kila mara nasimama kugawanya kichwani: hili la nani, hili la nani. Yeye mwenyewe anaandika kwa fahari kwamba sehemu kubwa ya njia alitembea kwa miguu, na namwamini. Lakini machela ilikwenda naye, na ilibebwa hata ikiwa tupu.

Mnyapara wake, Hamidi, ndiye ninayempenda kuliko watu wote kitabuni. Sheldon anampa maneno machache, mara amekuja kutoa taarifa, mara amesuluhisha ugomvi wa posho, mara amepanga watu wa kambi. Aliyewahi kuwa msaidizi wa kiongozi mlimani ataona kazi iliyo nyuma ya kila sentensi fupi kama hiyo. Posho ya watu zaidi ya mia, kila mtu na kibaba chake, pembe ya nyika isiyo na duka, huku mwenye msafara anataka kambi iwe imesimama kabla ya jua kuzama! Nilikuwa nikikutana na jina lake napiga mstari chini. Natamani mtu wa Unguja aliyebobea katika nyaraka za zamani atufuatilie historia ya mtu huyu na wenzake.

Kuna tukio moja linalosimuliwa sana, na ni lazima nilitaje kwa sababu linaonyesha uzuri na ubaya wa kitabu hiki kwa pamoja. Mapema katika safari wapagazi waligoma. Walikusanyika, hawataki kunyanyua mizigo, na yeye yuko peke yake mbele yao. Akamwona tai anapita juu, akachomoa bastola, akampiga, ndege akaanguka chini. Kisha akaingia katikati yao na bastola zote mbili mkononi, akawaambia atakayebaki amelala bila kunyanyua mzigo wake atapigwa risasi. Wakanyanyua.

Ameisimulia kwa ufundi, na ukisoma mara ya kwanza unajikuta uko upande wake. Mwanamke mmoja, wanaume wote wale, na hakutetemeka. Nilisoma tena kesho yake. Safari hii nikatafuta waligomea nini. Uzito? Chakula? Mwendo wa siku ya kwanza? Wapagazi hawagomi kwa kupenda kugoma. Mtu ameacha watoto nyumbani, anataka siku ziishe alipwe. Mlimani nikiona watu wamekaa juu ya mizigo hawaongei, najua kuna mmoja hajala, au kuna mzigo umeongezwa kisirisiri nyuma ya mizani. Unakaa nao, unauliza, unafungua mabegi. Sheldon hakuuliza, au kama aliuliza hakuona kama inafaa kuandikwa. Na bastola si kitu pekee. Viboko vimo pia, vinaelezwa kama jambo la kawaida la kutunza nidhamu. Hapo ndipo nilipotoa nyota yangu ya tano.

Nasema hivi nikijua vilevile kwamba wanaume waliopita barabara hiyohiyo kabla yake walifanya mabaya zaidi, na kwamba safari yake ilikwisha bila vita na mwenyeji yeyote. Hilo alilijivunia na alikuwa na haki ya kujivunia. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanapigania kuishika nchi hii kwa bunduki.

Sura za Chala zisomeni polepole. Mnaolijua ziwa lile mnajua kuta zake: shimo la volkano, maji ya kijani au bluu kufuatana na jua, ukingo umesimama wima kiasi kwamba mtu anaweza kukaa juu siku nzima na asiyaguse maji. Leo mpaka wa Kenya na Tanzania unapita humo ndani. Sheldon alishuka mpaka chini, akalizunguka ziwa akiwa juu ya chelezo. Maelezo yake ya kushuka ni ya karibu kabisa, kushika mizizi, kuteleza, nguo kukamatwa na miiba, giza la majani, kisha ghafla maji. Nimeteremka Chala upande wa Kenya, kwa njia iliyopo siku hizi, na nakubali kila neno lake kuhusu miguu inavyotetemeka. Nilichobaki nikijiuliza ni nani aliyetangulia na panga, na nani alilibeba lile chelezo mabegani kwenye ukuta ule. Chelezo halijitelemshi.

Halafu kuna usiku wa chatu. Amelala ndani ya machela, anaamka anahisi kitu, chatu amejizungusha juu ya machela, anaita, watu wanakuja na visu wanamkatakata. Mwanangu wa darasa la sita nilimsomea sehemu hiyo nikimfasiria kwa Kiswahili, akadai nirudie. Hii ndiyo nguvu ya Sheldon: alikuwa msimuliaji hasa, na anajua pa kusimama.

Sura za Uchagani ndizo zilizonifanya nitoe hela yangu, na hazikuniangusha. Mifereji yetu ya maji ameiona. Migomba, kuta za mawe, soko la wanawake, mikufu, namna ya kuvaa, yote ameitazama kwa muda mrefu kuliko wanaume wengi waliopita hapa wakiwa na haraka ya kufika kwenye theluji. Alikuwa na kitu kimoja ambacho wao hawakuwa nacho: wanawake walimruhusu kukaa nao ndani. Kwa hiyo kuna habari za uzazi, ndoa na mapambo ambazo huzipati kwa mwanaume yeyote wa enzi ile. Ana tabia ya kutaka pambo litolewe mwilini mwa mwenye nalo, hataki jipya, na hilo lilinikera. Lakini bila hiyo tamaa yake pengine tusingekuwa na maelezo hayo kwa undani huo.

Na Mareale yumo. Mangi Mareale wa Marangu, ambaye miaka miwili kabla, 1889, alimpokea Mjerumani Hans Meyer alipokwenda kupanda Kibo, kilele cha mlima wetu, alimpokea na huyu mama. Sheldon alivutiwa naye mno. Anamweka juu ya watawala wote aliokutana nao. Alimkuta amevaa nguo za Kizungu, akamwambia waziwazi kwamba hazimpendezi, avae za kwao. Akavaa. Wazee wa hapa kwetu wanamkumbuka Mareale kama mtu wa siasa kali, mjuzi wa kumsoma mgeni na kumpa kile anachotaka ili naye apate chake. Sheldon anaona mfalme mtiifu aliyekubali ushauri. Mimi naona mangi aliyejua mgeni wake anapenda kuona nini. Ninyi someni muamue, ila kwa mtu wa Marangu kurasa hizo peke yake zinatosha kulipia kitabu.

Kurudi kwake kulikuwa kwa mateso. Kwenye njia ya Pangani wabebaji waliteleza kwenye daraja la magogo, machela ikaanguka na yeye ndani, akaumia mgongo vibaya. Alibebwa mgonjwa mpaka pwani. Sehemu hii inapita haraka kitabuni, na sijui kwa nini wasimuliaji wake wengi hawaitilii maanani, maana ndipo wapagazi wale aliowaelekezea bastola walipomfikisha baharini akiwa hai. Mtu aliyeumia mgongo, kwenye mvua na matope, juu ya mabega ya watu. Nimeshiriki kumteremsha mgonjwa kutoka Kibo kwa machela ya gurudumu moja, usiku, na hiyo ni njia iliyotengenezwa, na gari linasubiri chini.

Alipofika Ulaya akawa maarufu. Mwaka 1892 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilikubali wanawake kwa mara ya kwanza, naye akawa miongoni mwao, pamoja na Isabella Bird, yule aliyeandika juu ya Japani na milima ya Rocky. Walipoingia 22 tu, wanaume wakagombana, mlango ukafungwa mpaka 1913. Mumewe Eli alifariki mwaka huohuo wa 1892. Mwaka 1893 machela yake na vifaa vyake vilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, kwenye jengo la wanawake. Alihutubia watu kwa miaka mingi kuhusu safari hii moja, na alifariki London mwaka 1936.

Chapa hii, kwa kuwa haina utangulizi, haisemi lolote juu ya yaliyotokea katikati, na mimi naona msomaji wa Kiswahili lazima ayajue. Mwaka 1903 Sheldon alikwenda Kongo, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakati habari za mikono inayokatwa na vijiji vinavyochomwa kwa ajili ya utomvu wa mpira zilishaanza kufika Ulaya. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alikuwa anakusanya ushahidi wa ukatili huo, na mwandishi wa habari Morel anauandika. Sheldon aliporudi aliandika kwenye gazeti la Times kwamba ameona ukatili mwingi zaidi mitaa ya London kuliko aliouona Kongo. Upande wa Mfalme Leopold ulimlipa mshahara kwa kazi hiyo ya kumtetea. Mwanamke aliyekaa na mama wa Kichaga akaandika jinsi wanavyofunga watoto wao mgongoni, alizungushwa kwenye nchi iliyojaa wapagazi wa kulazimishwa, akaandika kuwa kuna usalama.

Nilipojua hilo nilikifunga kitabu nikakiweka juu ya kabati. Nilikasirika kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Baadaye nilikirudia, nikaanzia tena kwenye mgomo wa wapagazi, na nikaona kwamba dalili zilikuwepo tangu 1891. Anawapenda watu wake wakiwa wametii. Anaposema wema, ni wema wa mwenye bastola. Mtu wa namna hiyo ukimzungusha mahali ambapo watu wamenyamazishwa, ataona utulivu. Mwenye kuandaa chapa nyingine ya kitabu hiki, tafadhali aandike ukurasa mmoja tu wa jambo hili mwanzoni. Watoto wa shule watakaokipata wasimjue Sheldon nusu.

Kuna wanaouliza, kwa nini asisomwe Mary Kingsley badala yake? Msomeni na yeye. Alikwenda Afrika Magharibi mwaka 1893 na tena mwishoni mwa 1894, akapita mto Ogowe na watu wachache, akijilipia njia kwa kuuza nguo, tumbaku na ndoana, akikusanya samaki kwa ajili ya jumba la makumbusho la London, na akapanda Mlima Kameruni. Ana ucheshi ambao Sheldon hana, na anawasikiliza watu zaidi. Alifariki 1900 Afrika Kusini, homa ya matumbo, akiuguza mateka wa vita vya Makaburu. Kama ningeambiwa nichague wa kupanda naye mlima, ningemchagua Kingsley bila kufikiri. Lakini hakupita Taveta, hakula ndizi za Marangu, na Hamidi hayumo kwenye kitabu chake.

Kiingereza cha Sheldon ni kizito. Sentensi zinazunguka, na ana mapenzi ya maneno makubwa pale ambapo dogo lingetosha. Msomaji wa kidato cha nne atahangaika. Aliyezoea kusoma magazeti ya Kiingereza atakwenda vizuri baada ya sura ya pili. Pia ana lugha ya enzi yake juu ya Waafrika, na sehemu nyingine inauma kuisoma. Sitaki mtu aseme hakuambiwa.

Ushauri wangu wa kununua. Kama una simu na bando, chapa ya kwanza ya 1892 ipo imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwenye maktaba ya Internet Archive, bure, na picha zake zote na majina bila ujinga wa mashine. Ni faili zito, kwa hiyo lishushe ukiwa kwenye waifai. Mimi sasa ndiyo ninayoitumia, na chapa yangu ya karatasi naifungua kwa ajili ya zile alama zangu za penseli tu. Kama unataka kitabu cha kushika, usilipe kabla muuzaji hajakutumia picha ya ndani. Mwambie afungue sura ya Chala na sura ya Marangu. Ukiona maelezo ya picha bila picha, mrudishie. Ukiona picha zipo na ramani ipo, hata elfu themanini na tano si ghali, na anza na sura za Zanzibar, pale watu wanapoandikishwa na mizigo inapogawanywa.